Vinamasi vya maji ya chumvichumvi navyo viandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumzie sehemu ya pwani ambayo magazeti yetu, likiwemo lako, hayajaipa haki yake. Kila zinapoandikwa habari za hifadhi ya bahari tunasoma juu ya mikoko, matumbawe na nyasi za baharini, na kila zinapoandikwa habari za mito tunasoma juu ya mabwawa, mafuriko na misitu ya vyanzo vya maji. Kati ya bahari na mto lipo eneo ambalo maji ya chumvi hulifikia yakiwa yamekwisha kuchanganyika na ya mto kiasi kwamba chumvi yake imebaki ndogo sana kuliko ya baharini, na bado maji hayo hupanda na kushuka kila siku kama yafanyavyo ufukweni. Vinamasi vilivyopo mahali hapo, pamoja na jamii za mimea zinazoishi ndani yake, ndivyo ninavyovitetea. Hoja yangu ni kwamba uhai wa mimea hiyo hutegemea zaidi maji matamu yanayoteremka na mto katika miezi ya ukavu, na kwa hiyo kila uamuzi unaoyagusa maji hayo unastahili kupimwa, na kuandikwa gazetini, kama uamuzi unaohusu vinamasi.

Nianze na vipimo. Maji ya bahari kuu yana chumvi ipatayo gramu 35 katika kila kilo moja ya maji. Mwaka 1958 wanasayansi waliokutana Venice, Italia, walikubaliana namna ya kuyagawa maji yaliyo baina ya mto na bahari kwa kufuata kiasi cha chumvi, na mgawanyo wao ungali unatumika: chini ya gramu 0.5 ni maji matamu, kutoka 0.5 hadi 5 ni maji ya chumvi kidogo, kutoka 5 hadi 18 ni ya chumvi ya wastani, na kutoka 18 kwenda juu ni maji yanayoikaribia bahari yenyewe. Barua hii inahusu daraja la pili. Ukilitazama kwenye karatasi ni daraja jembamba, kwani halifiki hata sehemu moja ya saba ya safari yote kutoka utamu hadi chumvi ya bahari. Hata hivyo, katika mto mpana unaopita kwenye tambarare, wembamba huo wa karatasini unaweza kuwa ni kilomita nyingi za matope, mahori na mimea.

Jambo ambalo wasomaji wengi hawalitarajii ni kwamba kupwa na kujaa kwa maji husafiri mbali zaidi kuliko chumvi. Katika Mto Hudson, Marekani, maji hupwa na kujaa hadi kwenye kizuizi cha Troy, kilomita zipatazo 240 kutoka mlangoni mwa mto, ilhali chumvi hukomea chini sana ya hapo. Mto unapofurika, chumvi husukumwa nyuma kwa makumi ya kilomita. Katika miaka ya ukame mkali imewahi kupanda hadi karibu na Poughkeepsie, kilomita zaidi ya 100 kutoka jiji la New York. Kwa hiyo ukanda wa chumvi kidogo hauna makao ya kudumu. Hupanda na kuteremka kwa kufuata mvua zilizonyesha bara, husogea wakati wa bamvua na kulegea wakati wa maji mafu, na hata katika siku moja kinamasi kilekile hupata maji ya ladha mbili. Samaki huweza kuhama pamoja na maji yanayomfaa. Mmea uliokwisha kushika mizizi hauna njia hiyo, na lolote linaloletwa na mto au bahari utalipokea palepale ulipo.

Zaidi ya hayo, tope lina kumbukumbu yake. Chumvi iliyoingia wakati wa ukame hubaki katika maji yaliyo baina ya chembe za udongo kwa muda mrefu baada ya maji ya horini kuwa matamu tena, na mahali palipoinuka kidogo, ambako maji hufika mara chache na jua hukausha, mizizi inaweza kuwa imekaa katika chumvi kubwa kuliko ile inayopimwa mita chache tu kutoka hapo. Mtaalamu anayetumbukiza kipimo chake katikati ya mto na kurudi ofisini ameyapima maji ya mto, lakini hajapima yale yanayoufikia mmea.

Sasa nije kwenye mimea yenyewe. Katika pwani ya mashariki ya Marekani, ambako vinamasi hivi vimechunguzwa sana, ukingo wa hori unaofunikwa kila maji yanapojaa huwa na mimea ya majani mapana na laini kama Peltandra virginica na Pontederia cordata, ambayo asili yake ni maji matamu na ambayo hapa imefika ukomo wa uvumilivu wake. Juu kidogo ya hapo husimama mafunjo membamba yenye mabua ya pembe tatu, Schoenoplectus americanus na jamaa yake Schoenoplectus pungens. Kisha Typha, mwenye majani marefu mfano wa upanga na shada la rangi ya kahawia. Kisha Spartina cynosuroides, nyasi kubwa inayoweza kumzidi mtu mzima kimo, hasa kwenye kingo zilizoinuka ambako mto huacha mashapo yake. Katikati ya mimea hiyo huchomoza Hibiscus moscheutos na maua yake mapana, meupe au ya waridi. Ulaya, kwenye milango ya mito kama Elbe na Scheldt, nafasi hizohizo hushikwa na Bolboschoenus maritimus upande wa chini na matete ya Phragmites australis upande wa juu. Katika nchi za joto miti nayo huingia: katika Asia hupatikana Nypa fruticans, wa ukoo wa minazi, ambaye shina lake hulala ndani ya tope na kuacha makuti tu yaonekane, na katika pwani nyingi za tropiki hupatikana Acrostichum aureum, jimbi kubwa linalostawi pale ambapo mikoko iliyozoea chumvi nyingi imeanza kupungua.

Idadi ya aina za mimea hupungua kadiri mtu anavyoteremka na mto. Kinamasi cha maji matamu kinachofikiwa na kujaa na kupwa kina aina nyingi mno, na kinamasi cha chumvi kali kina chache sana, mara nyingine nyasi moja ikiwa imetawala eneo lote. Kinamasi cha chumvi kidogo kiko katikati, lakini sikubaliani na wanaokieleza kuwa ni mchanganyiko tu wa majirani zake wawili. Kina mpangilio wake, na baadhi ya mimea iliyo adimu haina makao mengine. Katika Suisun Marsh, kinamasi cha California, mahali ambapo mito Sacramento na San Joaquin hukutana na maji ya Ghuba ya San Francisco, kuna aina ya mbaruti, Cirsium hydrophilum var. hydrophilum, ambayo haipatikani popote pengine duniani, na ambayo serikali ya Marekani iliiorodhesha mwaka 1997 kuwa iko hatarini kutoweka.

Kwa nini mimea hujipanga hivyo? Maelezo ya haraka, ambayo nami nimeyasikia mara nyingi, ni kwamba kila mmea umekwenda kwenye chumvi unayoipenda. Majaribio yanasema vingine. Mwaka 2004 Caitlin Crain na wenzake walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambamo waliihamisha mimea ya vinamasi vya chumvi hadi kwenye maji matamu, na ya maji matamu hadi kwenye chumvi, mara ikiwa na majirani na mara ikiwa peke yake. Mimea ya maji matamu iliyopelekwa kwenye chumvi ilikufa, iwe na majirani au isiwe nao. Ile ya chumvi iliyopandwa kwenye maji matamu, ikiondolewa majirani, ilistawi kuliko ilivyokuwa kwao; iliporudishiwa majirani ilidhoofika sana. Maana yake ni kwamba mmea wa chumvi haukai kwenye chumvi kwa kuipenda. Umesukumwa huko na wenzake wanaokua haraka na kuuzibia mwanga, na unabaki huko kwa sababu una uwezo, walioukosa hao wengine, wa kuizuia chumvi isiingie mizizini na wa kutengeneza ndani ya seli zake vitu vya kushikilia maji. Uwezo huo hula nguvu ambazo zingetumika kukua.

Katika ukanda wa chumvi kidogo pande zote mbili hukutana, na hakuna upande unaoshinda moja kwa moja. Mwaka wa mvua nyingi mimea ya maji matamu hupata nguvu na kuteremka, na mwaka wa ukame huungua majani na kuwaachia nafasi wavumilivu. Kinamasi kilichopimwa katika mwaka mmoja na kuchorewa ramani kinaweza kumfanya mtafiti wa miaka kumi baadaye adhani kwamba mwenzake alikosea, kumbe wote wawili waliona sawa. Kwa maoni yangu, sababu kubwa ya vinamasi hivi kusahauliwa na wachora ramani ni hii, kwamba havikai vikisubiri mstari. Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani, ni mfano mzuri wa kulikabili tatizo hilo. Tangu Penfound na Hathaway walipoandika mwaka 1938 juu ya jamii za mimea za vinamasi vya kusini-mashariki mwa jimbo hilo, wakizihusisha na chumvi na kimo cha maji, wataalamu wa huko wamezoea kutenga daraja maalumu la kinamasi cha kati, lililo baina ya maji matamu na yale ya chumvi zaidi, na kulichora upya kila baada ya miaka kadhaa.

Uvumilivu wa kila mmea nao umepimwa. Mwaka 1999 Rebecca Howard na Irving Mendelssohn walichapisha majaribio juu ya mimea minne ya vinamasi hivyo vya chumvi kidogo. Panicum hemitomon alikuwa wa kwanza kushindwa chumvi ilipoongezwa, akafuatiwa na Sagittaria lancifolia, kisha Eleocharis palustris, na Schoenoplectus americanus ndiye aliyestahimili kuliko wote. Lililo muhimu zaidi kwa wanaopanga matumizi ya maji ni kwamba kiasi cha chumvi peke yake hakikutosha kueleza nani atapona. Muda ambao mmea ulikaa katika chumvi ulihesabiwa pia, na mmea ulioweza kuinuka tena baada ya chumvi ya muda mfupi ulishindwa pale chumvi ileile ilipodumu.

Naomba msomaji aunganishe hilo na jambo la mbegu. Hata mimea inayoweza kuishi kwenye chumvi huota vizuri zaidi mbegu zake zinapopata maji matamu au yenye chumvi ndogo sana. Mche mchanga hauna akiba wala uvumilivu wa mmea uliokomaa. Hivyo kinamasi huhitaji, katika majira yanayofaa, majuma kadhaa ya maji yaliyolegea ili mbegu zilizolala kwenye tope ziamke. Mto unaweza kuwa na wastani wa mwaka usiobadilika hata kidogo na bado ukakiua kinamasi, ikiwa maji yamezuiliwa wakati wa kuota na kuachiliwa wakati usio na faida kwa mmea. Ninaposoma katika taarifa ya mradi kwamba wastani wa maji ya mto hautaathirika, huona kwamba swali lililopaswa kujibiwa bado halijaulizwa.

Kemia ya tope nayo haina budi kutajwa, kwani humo hulala hatari isiyoonekana kwa macho. Kila kilo ya maji ya bahari ina karibu gramu 2.7 za salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, na tope la kinamasi, likiwa limejaa maji, halina oksijeni. Bakteria wanaoishi humo huitumia salfeti mahali pa oksijeni na kutoa salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu kwa mizizi. Mimea ya vinamasi ina mirija ya kupitisha hewa kutoka majanini hadi mizizini na kwa hiyo hujihami kiasi, lakini ile ya maji matamu haikuzoea kupambana na salfaidi nyingi. Ndiyo sababu maji ya chumvi yanapoingia mahali pasipoyazoea, mmea hushambuliwa mara mbili, kwa chumvi yenyewe na kwa kile ambacho chumvi imekiamsha ndani ya tope. Mizizi ikifa huoza, na kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi ya kinamasi ni mizizi hiyo, iliyo hai na iliyokufa, uso wa ardhi hushuka, maji hutuama, na palipokuwa na mimea hubaki bwawa la tope.

Hapa nataka kuwa mkweli kwa wale wanaovitetea vinamasi kwa sababu ya kuhifadhi hewa ya ukaa pekee. Katika kinamasi cha chumvi kali, bakteria wa salfeti huwanyang'anya chakula wale wanaotengeneza methani, gesi nyingine inayoipasha dunia joto, hivyo methani hutoka kidogo sana. Katika chumvi kidogo ushindani huo haujakamilika. Mwaka 2011 Hanna Poffenbarger, Brian Needelman na Patrick Megonigal walikusanya vipimo vya vinamasi vingi vinavyofikiwa na maji kupwa na kujaa, wakakuta kwamba vile vya daraja la gramu 0.5 hadi 5 ndivyo vyenye wastani mkubwa wa methani na pia tofauti kubwa kabisa kati ya kinamasi kimoja na kingine, ilhali vile vya zaidi ya gramu 18 vilitoa kidogo mno. Basi asitokee mtu akauza hewa ya ukaa ya kinamasi cha chumvi kidogo kwa hesabu iliyofanywa kwenye kinamasi cha baharini. Vinamasi hivi vina thamani kubwa bila kupambwa kwa hesabu isiyo yao: vinalea samaki wachanga, vinachuja mbolea inayoteremka kutoka mashambani, vinavunja nguvu ya mawimbi, na vimehifadhi aina za mimea nilizozitaja.

Vina pia bahati moja ya mahali vilipo. Karibu na mwisho wa safari ya chumvi, ambako maji ya mto hukutana na maji ya bahari yanayopanda, mashapo hukusanyika na maji huwa na tope kuliko juu au chini ya hapo. Kinamasi kilicho jirani hupokea mashapo hayo kila maji yanapojaa na kuinuka taratibu, jambo linalokisaidia kwenda sambamba na bahari inayopanda. Bwawa linapojengwa juu ya mto hushika mashapo hayo pamoja na maji, na kinamasi hupoteza chumvi yake ndogo na udongo wake kwa wakati mmoja.

Mimea yenyewe hushiriki katika kuiinua ardhi. Katika jimbo la Maryland, kwenye kituo cha utafiti cha Smithsonian kando ya mto Rhode, tangu mwaka 1987 vipande vya kinamasi vimekuwa vikipewa hewa yenye kabonidioksaidi nyingi ili kuona itakuwaje huko mbele. Chumvi ya mahali hapo hupita gramu 5 katika sehemu kubwa ya mwaka, lakini mimea yake ni jamaa wa karibu wa hii ninayoizungumzia. Schoenoplectus americanus alinufaika na hewa hiyo, akaongeza mizizi, na mizizi ikainua uso wa tope. Nyasi ya Spartina patens, ambayo usanisinuru wake ni wa namna nyingine, haikunufaika hivyo. Mwaka 2010 Adam Langley na Megonigal walionyesha kwamba nitrojeni ikiongezwa, nyasi hizo ndizo zinazotamba, na faida iliyotarajiwa kutokana na yale mafunjo hupungua. Mbolea inayopotea kutoka mashamba ya bara inabadilisha, kwa njia hiyo, aina ya mmea unaojenga ardhi mlangoni mwa mto. Na mwaka 2023 ikachapishwa kazi nyingine, ambamo mbegu za mafunjo hayohayo zilizokuwa zimezikwa kwenye tope kwa muda wa hadi karne moja ziliotesha mimea, na mimea hiyo ikaonekana kuwa na mizizi iliyotofautiana na ya vizazi vya leo. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha kwamba mmea wa jina moja unaweza kubadilika ndani ya muda ambao sisi tunauita mfupi.

Kuna suala la matete ambalo huleta ubishi. Phragmites australis wa Ulaya yuko kwao, na huko watu huhangaika anapotoweka. Katika Amerika Kaskazini amevamia, na kwa muda mrefu watu walibishana kama ni mgeni au ni mwenyeji aliyezidi nguvu. Mwaka 2002 Kristin Saltonstall alilinganisha chembe za urithi za matete yaliyohifadhiwa kwenye makavazi ya mimea na ya wakati wake, akathibitisha kwamba ukoo ulioenea umetoka nje na umewaondoa wenyeji mahali pengi. Vinamasi vya chumvi kidogo ndivyo vinavyompa nafasi nzuri, hasa palipovurugwa na palipojaa nitrojeni. Kumfyeka na kumpulizia dawa kuna faida ya msimu. Pale ambapo maji ya mto yameharibiwa na ukingo umepasuliwa kwa ujenzi, hurudi, na fedha za kumwondoa hutafutwa upya.

Sasa niseme juu ya maamuzi ya watu, kwa mifano inayojulikana. Kizuizi cha Farakka kwenye Mto Ganges, nchini India, kilianza kazi mwaka 1975, na tangu hapo maji yanayoingia kusini-magharibi mwa Bangladesh katika miezi ya ukavu yamepungua na chumvi imepanda. Wataalamu wengi wanahusisha na hali hiyo kudhoofika kwa Heritiera fomes, mti unaopendelea chumvi ndogo katika Sundarbans, msitu mkubwa wa mikoko wa huko. Karibu na New Orleans, mfereji wa meli uliochimbwa katika miaka ya 1950 na ya 1960 ili kufupisha safari ya kwenda Ghuba ya Mexico uliifungulia chumvi njia ya kuingia bara, na misitu ya Taxodium distichum pamoja na vinamasi vya maji matamu na chumvi kidogo vikafa kwa maeneo makubwa. Mfereji ulizibwa kwa mawe mwaka 2009. Chumvi ilishuka upande wa ndani, lakini msitu uliokufa hauwezi kurudishwa na ukuta wa mawe.

Ipo mifano ya kutia moyo. Suisun Marsh iliwekewa milango kwenye hori la Montezuma mwaka 1988. Maji yanapopwa, milango hufunguliwa ili maji matamu ya Sacramento yaingie, na yanapojaa hufungwa ili ya chumvi yasipande. Ni dawa ya kuendeshwa daima na ina gharama, tena ilitokana na kuchukuliwa kwa maji mengi ya mto kwa ajili ya mashamba na miji, kwa hiyo siisifu kupita kiasi. Ninavutiwa zaidi na yaliyofanyika kwenye Mto Scheldt, mpakani mwa Ubelgiji na Uholanzi, ambako baada ya mabishano ya miaka mingi tuta lililoizunguka ardhi ya Hedwige-Prosperpolder lilivunjwa mwaka 2022, na maji yakaruhusiwa kupwa na kujaa tena juu ya ardhi iliyokuwa mashamba. Nayaelewa machungu ya wakulima waliopinga. Ardhi iliyopatikana kwa jasho la vizazi haiachwi kwa furaha. Lakini bahari inapopanda, kinamasi kisicho na mahali pa kurudi nyuma hubanwa kati ya maji na tuta hadi kikatoweka, na tuta lenyewe hubaki bila kinga mbele yake.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, na kwa waandishi wako, ni la kikazi. Linapotangazwa bwawa jipya, skimu ya umwagiliaji, au mpango wa kuongeza kina cha mto ili meli kubwa zipite, pamoja na kuuliza juu ya umeme, ekari na ajira, ulizeni pia mto utabaki na maji kiasi gani katika mwezi wake mkavu kuliko yote, na chumvi itapanda hadi wapi mwezi huo. Kuongeza kina kunastahili swali hilo sawa na bwawa, kwani maji ya chumvi ni mazito, hupita chini, na mkondo ukiwa na kina zaidi huyarahisishia njia ya kupanda. Msipokee wastani wa mwaka kuwa jibu. Na mnapochapisha ramani ya ukanda wa pwani, msiikomeshe pale mikoko inapokoma, wala ya mto msiianzie pale maji yanapoacha kupwa na kujaa, kwa kuwa mkifanya hivyo eneo lote nililolieleza litakuwa limeachwa wazi bila jina.

Na ikiwa utaamua kumtuma mwandishi akakitazame kinamasi cha aina hii, naomba atumwe mara mbili katika mwaka mmoja, mwisho wa mvua na mwisho wa kiangazi, akaongozane na mtu anayeijua mimea ya mahali hapo, na wakapime chumvi ya maji yaliyomo ndani ya tope, pale mizizi ilipofika, kwenye sehemu ya chini na ya juu ya kinamasi. Vipimo hivyo vinne, vikichapishwa pamoja na majina ya mimea iliyoonekana kila mahali, vitampa msomaji kitu cha kulinganisha na taarifa za miradi atakazoletewa baadaye.

Wako katika utumishi,

Msomaji wa gazeti lako